Sauti ya Enele

Utepe wa kaseti ulikuwa umeoza. Losivale alijua ungesikika mara moja tu, kisha ubaki unga wa kahawia ndani ya redio. Humo ndimo alimokuwa baba yake, marehemu Enele, msemaji wa ukoo, akiitaja nasaba yao. Kaseti nyingine zote zilichukuliwa na kimbunga.

Aliunganisha redio na kompyuta yake mezani, nyumbani kwa mama yake kijijini Salelologa. Sauti ya baba ikatoka, nzito, isiyo na haraka. Mama yake, Talalelei, hakutaka kukaa.

"Nitamsikiliza baadaye," alisema. "Peke yangu."

Programu ya kurekodi ilishikilia kila kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ingehifadhi faili mwishoni tu. Utepe ulipokaribia kwisha mvua ikatishia kunyesha, Losivale akatoka kumsaidia mama kuanua kakao. Kaka yake, Pesamino, akaingia na kufungua mechi ya raga kwenye kompyuta ile ile, kisha nyingine, na nyingine tena.

Kumbukumbu ikajaa. Mfumo wa kompyuta ukifika hapo haumuulizi mtu. Ili mashine nzima isigande, huitafuta programu inayokula kumbukumbu zaidi na kuiua. Iliyokuwa inakula zaidi ilikuwa ile iliyomshika Enele.

Losivale aliporudi, dirisha la kurekodi halikuwepo.

"Umefunga nini?"

"Sijagusa kitu, dada. Kimejifunga chenyewe. Kompyuta yako ina moyo wa kuku."

Losivale alitafuta faili, hakuna. Kazini kwake mjini Apia programu za namna hiyo aliziwekea kinga zisiuawe kila siku. Leo wazo hilo hata halikumpitia akilini. Alijaribu kuurudisha utepe nyuma, ukakatika vidoleni. Pesamino akatoka kwenda kubeba kakao iliyobaki.

Mama aliingia akipangusa mikono.

"Hakuna kitu, mama. Amepotea."

Talalelei aliketi taratibu.

"Lakini wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi niambie."

Losivale akaanza kutaja majina ya mababu, akakwama, akarudia, akakwama tena.

"Siyo majina, mwanangu. Alikuwa anakohoa?"

"Kidogo. Akivuta pumzi."

"Eeh," mama akasema, akageuza uso dirishani. "Alikuwa ameshaanza kuumwa, na mimi sikujua."

Pesamino alisimama mlangoni na kikapu cha kakao mikononi, asijue akitue wapi.