Siku ya Nane

Mimi sikumwita mtu. Nilikuwa nafundisha Kiingereza, basi. Hayo nimewaambia walimu wenzangu mpaka ulimi umechoka.

Watoto wa darasa la nne hapa kijijini Chokocho walikuwa hawashiki siku za wiki. Ukiwaandikia ubaoni wanakariri kama kasuku, kesho yake hawana hata moja. Nikaamua kuwaimbisha. Mimi si mtunzi. Nilichukua tuni iliyonikaa kichwani tangu udogo, nikaipachika maneno ya Kiingereza, mstari mmoja kwa kila siku. Wiki haikwisha, skuli nzima inaimba. Hata Khairat, ambaye mwaka mzima sikuwahi kusikia sauti yake, aliimba akiwa amefumba macho. Nilijisifu, siwafichi.

Tuni ile nilijua imetoka wapi, nikajifanya sijui. Mama yangu, Bimkubwa, alikuwa kiti: shetani humpanda, akasema kwa kinywa chake. Kwetu kila shetani ana wimbo wake wa kuitwa na wimbo wake wa kuagwa. Bila wa kwanza haji, na bila wa pili haondoki. Wanawake walikuwa wakija nyumbani baada ya alasiri na ngoma zao na chano cha ubani na halua. Ukianza tu ule wa kuita, wenye tuni hiyohiyo, mimi natoka, nakwenda kwa jirani, naona haya hata kutazamwa. Wa kuaga sikuwahi kuusikia. Mama alipokuwa anakufa aliniomba nimrithi. Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu.

Jumatatu moja tulimaliza siku ya saba, darasa likanyamaza. Khairat hakunyamaza. Aliendelea na tuni ileile, akaingia siku ya nane, akaingia ya tisa, kwa maneno ambayo si Kiingereza wala si ya kwetu. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima. Wenzake walicheka kidogo, kisha wakavuta madawati yao mbali naye.

Hadi Alhamisi alikuwa hali wala hanywi, anaimba tu. Mama yake alinijia skuli, akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Mwalimu Rahila, mwanangu kaja hapa mzima. Mie namtaka vivyo hivyo."

Nilikwenda kwa Bi Mgeni, aliyekuwa akimpigia mama ngoma. Nilimkuta anaanua karafuu mkekani. Nikamwomba anifundishe wimbo wa kuaga.

"Mie mpigaji tu," alisema. "Wa kuaga haufundishwi. Kiti ndiye huuimba, naye hupewa papo hapo."

"Na kiti kashakufa, Bi Mgeni."

"Kafa mamako. Kiti kipo, chamngoja mwenyewe."

"Nikikaa, ndiyo basi? Shetani hatoniacha tena?"

"Mamako aliachwa?"

Nilirudi nyumbani na hasira: na mama, na Bi Mgeni, na zaidi na nafsi yangu. Jambo nililolikimbia umri wangu wote, nimekwenda kuwafundisha watoto arubaini na tano kwa hiari yangu, nikawapigia makofi. Nikamkumbuka Khairat na midomo yake iliyopasuka kwa kiu. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila mwiba niliudharau mimi na mguu ni wa mtoto wa watu.

Ijumaa baada ya alasiri tulikutana darasani: Khairat na mama yake, Bi Mgeni na ngoma yake, ubani ukifuka kwenye chetezo. Nilikaa kwenye kiti changu cha ualimu. Bi Mgeni alipiga, nami nikaimba ule wa kuita kwa siku saba za Kiingereza, kwa sababu ndiyo maneno niliyokuwa nayo. Nilipofika ya tatu, miguu ilitaka kwenda kwa jirani kama zamani. Nilipofika ya saba, Khairat alinyamaza. Kitu baridi kilinishika kisogoni.

Niliogopa sana. Kisha kinywa changu kikafunguka chenyewe, na wimbo wa kuaga, nisioujua, ukatoka, mstari baada ya mstari, bila kukosea.

Khairat alifumbua macho, akaomba maji. Mama yake alimwinua, wakatoka.

Mimi niliendelea kuimba. Sauti ilikuwa ya mama. Mlango ulikuwa wazi, na mara hii sikutoka.