Mlango Ulioangalia Jiko

Nimechoka na nyumba za watu waliokufa. Kila asubuhi, huku kusini tulikokimbilia, napanda taksi mpaka ofisini Randburg, nakaa mbele ya kompyuta, nainua upya mji mmoja wa kale wa Uingereza ulioteketezwa na mabomu ya vita: duka la mikate, kanisa, nyumba za mbao zilizoinamia mtaa. Waingereza wanataka kuona kwa babu zao palivyokuwa. Haya, waone. Anayewajengea ni mtu wa Uvira, na kwao Uvira hakuna hata ukuta uliobaki.

Kazini tuna sheria moja. Kisichokuwa na picha wala mchoro wa kukithibitisha, unakiacha kijivu, ili mtazamaji ajue hapo tumebuni.

Sasa mwezi huu mama yangu, Mama Célestine, hakunipa pumzi. Kiwanja chetu cha Uvira wajomba walishakiuza, na mwenyewe mpya anataka kujenga. Papa, baba yangu, amezikwa mle uani tangu vita, bila msalaba. Nyumba iliungua tulipokimbia, siku hizi ni majani matupu. Mwenye kiwanja ana utu: alisema tumwonyeshe kaburi, tumhamishe marehemu, ndipo achimbe msingi. Lakini nani amwonyeshe? Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Mama anajua, ila kwa njia yake: akikaa mlangoni kuchambua maharage, papa yuko mkono wake wa kuume, chini ya mpera.

Basi nikaijenga nyumba kwenye kompyuta kwa maneno ya mama, nikatia alama pa kuchimba, nikamtumia picha binamu yangu Hénock aliyeko kulekule. Akachimba, hakukuta kitu. Akachimba tena pembeni, bure. Akanipigia, akasema mwenye kiwanja anaona tunamzungusha, kesho mafundi wanaingia. Nilimfokea, maskini, utadhani yeye ndiye aliyemficha papa.

Nikarudi kwenye ghorofa letu mjini kati, miguu inawaka moto, lifti imekufa kama kawaida. Ile picha sikuwa nimemwonyesha mama. Nilijiambia macho yake hayaoni vizuri, na fundi si ni mimi? Jioni hiyo nikamwekea kompyuta mapajani. Akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Huu mlango unaangalia barabara," akasema. "Nani anachambua maharage barabarani?"

Eish. Miaka yote hii ya kuwajengea Waingereza, kwangu mlango ni ule wa mbele, unaotazama mtaa. Kwetu huo ni wa wageni. Mama alikaa mlango wa nyuma, unaoangalia jiko la uani. Nikamgeuza kwenye picha aangalie jiko, na mkono wake wa kuume ukahamia upande wa pili wa nyumba, upande niliomwambia Hénock kuwa ni mtupu. Mafundi walikuwa waanzie hapohapo.

Nikampigia Hénock papo hapo, nikamwomba radhi, nikamwambia awawahi. Asubuhi sikwenda kazini. Mama hakugusa chakula, alikaa tu ameishika simu yangu kwa mikono miwili. Ilipoita akanipa mimi.

Hénock alikuwa anahema. Alikuta kisiki cha mpera kwenye majani, akachimba chini yake. Papa yuko pale, na mkanda wake wa ngozi kiunoni. Mafundi wamevua kofia, wamesimama pembeni.

Mama alilia bila sauti, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Mimi nililia kwa sauti, sina haya. Kisha akaisogelea kompyuta.

"Mbona nyumba yangu ni ya kijivu?"

Nikamweleza ile sheria ya kazini, kwamba hakuna picha, hakuna mchoro, hakuna uthibitisho.

"Na mimi ni nini?" akauliza. "Kuta zilikuwa za buluu. Nilizipaka mwenyewe, wewe ukiwa tumboni."

Simu ikaita. Ofisini wananitafuta, kanisa lao halina paa. Nikaizima, nikasogeza kiti karibu na mama, nikamuuliza ni buluu ya namna gani.