Ruhusa Iliyokwama Stoo

Jioni moja, mwaka wa tisini na saba hapo, Mutheu aliingia kwangu mtaa wa Tena akaniambia, "Umau," yaani babu, "leo pia ruhusa imekataliwa." Nikamwambia pole mwaitu, mama yangu, hata mimi nikichonga twiga za mbao soko la Gikomba nilinyimwa ruhusa nikakosa harusi ya ndugu yangu. Akacheka na machozi iko. Kumbe inayonyima si mkubwa, ni kompyuta!

Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Kavinya. Anaandikia kompyuta kazi ya kufanya, kwa ofisi moja Industrial Area inayopangia lori za mkate njia. Walimpa kompyuta moja, mashine ya kukaa nayo nyumbani. Sasa kila asubuhi ile kubwa ya ofisini inachota kazi yake kutoka stoo, na stoo iko hapo hapo ndani ya kompyuta, usiniulize vipi, halafu inasema haina ruhusa ya kuiendesha. Lori zinakaa, mkate unakaa. Mwenzake, Okoth, anaipa ruhusa kwa mkono, inaenda. Kesho ni hivyo tena. Mkubwa wao, Patrobas, akachoka. Akasema Jumamosi Mutheu arudishe mashine, na yeye asirudi.

Jumamosi nikakodi mkokoteni, mashine tukaifunga na blanketi yangu. Njiani nikamuuliza hiyo ruhusa inapotelea wapi.

"Umau, si vijana wako walikuwa wanachonga wakiangalia sampuli yako? Ikikosa masikio je?"

"Twiga zote zinakosa. Utagundisha masikio mpaka uzeeke."

"Basi Okoth anagundisha masikio. Mashine ya nyumbani haijui alama ya ruhusa, ya ofisini ndiyo inajua. Faili ya hiyo kazi niliiweka stoo mara ya kwanza kutoka nyumbani, ikaingia bila. Nimeona hiyo jana. Lakini nani atanisikiza?"

Okoth alikuwa mlangoni. Kijana wa mdomo huyo. "Mzee, na huo mkokoteni? Umeleta mahari?"

"Mahari utaleta wewe," nikamjibu, "na bado nitakukataa."

Hata Patrobas akacheka. Mutheu akaona hapo hapo ndiyo nafasi ya kusema. "Bosi, nipe nafasi moja. Sigusi hii nakala Okoth amechota. Naenda stoo, niipe ruhusa ile ya asili."

Patrobas akaangalia saa, akaniangalia mimi na kofia yangu mkononi. "Fanya."

Akaandika kitu kifupi, hata jina langu ni refu kuliko hicho. Akasimama. "Okoth, futa nakala yako yote. Uchote upya."

Okoth akafuta, akachota. Akaiendesha. Mara printa ikaanza kulia krrr, krrr, njia za lori zikatoka, na hakuna mtu ameipa ruhusa kwa mkono.

"Ai!" Okoth akasema. "Mimi kumbe nilikuwa napangusa maji na bomba iko wazi."

"Na faili zingine mpya?" Patrobas akauliza.

"Nikizileta kutoka nyumbani, nitazipa ruhusa stoo kabla mtu hajazichota."

"Basi mashine irudi kwenu. Na Jumatatu usichelewe."

Tukarudi na matatu, tukashuka stage ya Tena, mimi nimebeba kioo cha kompyuta begani, nimekataa kusaidiwa. Mama Koki wa mboga akaniita, "Mzee, umenunua tivii?"

Nikaitua juu ya meza yake. "Tivii gani! Hii ni ya kazi ya Mutheu." Nikamweleza yote, mpaka sukuma yake ikanyauka.