Kiti cha Mbele Hakikaliwi

Mama Ndeshi alikuwa na ulimi mkali. Kijiji kizima cha Akheri kililijua hilo, na aliyeonja makali yake kuliko wote ni mwanawe wa pekee, Aminieli. Siku kijana huyo alipouza kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu baba yake, akanunua gari la kutembeza wageni katika jiji la Arusha, mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akatamka maneno ambayo majirani wanayakumbuka mpaka leo.

"Gari lililomeza shamba la baba yako mimi sitalipanda. Na lisije likakanyaga uani kwangu."

Kwa Wameru, ardhi ya baba haiuzwi kama mbuzi wa sokoni, kwa hiyo hakuna aliyemlaumu. Lakini watu walidhani hasira ile itapoa kabla ya mvua za vuli. Hawakumjua Ndeshi. Miaka ilipita, gari likachakaa likapakwa rangi upya, yeye bado yuko pale pale mlangoni na neno lake.

Amini, kama wengi walivyomwita, hakugombana naye. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kumwona. Gari aliliacha ng'ambo ya daraja, akapanda kilima kwa miguu, viatu vya kanisani mkononi kama kuna matope. Alikula loshoro, mahindi ya kupikwa kwa maziwa mgando, akajibu maswali ya mkato, na kabla ya kuaga aliuliza jambo lile lile.

"Mama, lini nikutembeze mjini?"

"Nikimaliza kuvuna."

Shamba alilobaki nalo mama ni la migomba. Ndizi hazina msimu, zinavunwa mwaka mzima, na wote wawili walilijua hilo. Amini alicheka, akainamisha kichwa ashikwe utosini, akashuka kilima.

Kisha masika ya mwaka jana homa ilimlaza, na haikumpa nafasi ya kurudi hata kwa Jumapili moja. Alizikwa migombani, hatua chache kutoka jikoni kwa mama yake. Ulimi mkali ukabaki kinywani bila mtu wa kumchoma. Tangu hapo Ndeshi alipika loshoro ya watu wawili kila Jumapili, akala ya mmoja, nyingine akampa mbwa huku akimfokea. Alimkumbuka mwanawe kwa namna iliyomuuma mpaka kwenye meno. Picha alikuwa nazo. Nguo zake alikuwa nazo. Kitu alichokosa ni sauti, kwa maana sauti ilikuwa inamponyoka. Alianza kusahau Amini alivyokuwa akisema.

Ndipo Sabina, jirani yake wa kwaya, alipomletea habari. Alikuwa ametembezwa mjini na wageni wa usharika.

"Ndeshi, nenda kapande lile gari," alisema. "Kuna kijana anaitwa Derick, ndiye analiendesha siku hizi. Mimi nilifumba macho nikasema, huyu ni Amini. Maneno yake yote, utani wake wote! Nenda Ijumaa, siku ya wageni wa ndani, wanaeleza kwa Kiswahili."

Ndeshi alimjibu kwamba ana ndizi za kuvuna. Sabina akaenda zake. Ijumaa iliyofuata Ndeshi alivaa kitenge cha sikukuu, akashuka kilima.

Ni lazima ijulikane jinsi kazi hii inavyofundishwa. Kijana anayetaka kuwa mtembeza wageni hapewi kitabu. Anakaa kiti cha nyuma kabisa, mwaka mzima kama ni mzito, anamsikiliza mkubwa wake mpaka maneno yanamwingia. Siku akikabidhiwa usukani, yanamtoka kama alivyoyameza, pamoja na vikohozi. Derick alikuwa kijana wa Singida, na mkubwa wake alikuwa Amini. Siku ya mazishi alikuwa Ngorongoro na wageni, kwa hiyo hakumjua kabisa mama huyu mwenye kitenge cha sikukuu, aliyejitambulisha kwa jina la Ndeshi tu.

"Shikamoo, mama. Karibu sana."

"Marahaba."

Ndeshi aliweka mguu mmoja kwenye kidato cha gari, akausahau wa pili chini. Neno lake la miaka yote lilimvuta nyuma. Nyuma yake walikuwa mwalimu mstaafu kutoka Tabora na mke wake, mwalimu akakohoa kwa adabu, na mguu wa pili ukapanda. Kwa kuwa macho yake hayakuwa yale ya zamani, alielekea kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva.

"Samahani, mama, hicho hakikaliwi," alisema Derick. "Ni utaratibu wa gari. Nyuma hapa utaona vizuri tu."

Alikaa nyuma ya kiti hicho. Na alipoinua macho aliona kitu kimefungwa kwenye mhimili wa kuegemezea kichwa: jani refu, limekauka rangi ya tumbaku, limepigwa fundo moja katikati. Hakuna Mmeru asiyelijua isale. Ndilo linalopandwa mipakani na makaburini, na ukimkosea mtu, unapiga fundo jani lake unampelekea. Akishalipokea mkononi, hana ruhusa ya kukataa. Hata kama uliua ng'ombe wake, atasamehe.

Gari liliondoka, naye hakuona mji. Aliona jani.

Walisimama kwanza Mnara wa Saa. Derick alizima injini, akageuka, akaweka mkono juu ya usukani, na kwa mkono ule tu, uliolazwa kama Amini alivyoulaza mezani kwake, Ndeshi alimwona mwanawe.

"Wakubwa zangu, wanasema hapa ndipo nusu ya njia kati ya Kairo na Cape Town. Lakini mama yangu anasema, nusu ya njia kwenda wapi? Yeye akitoka Akheri na mkungu wa ndizi kichwani, akifika hapa ndiyo mwisho wa dunia!"

Mwalimu wa Tabora alicheka sana. Mama yake Derick yuko Singida anakolima alizeti, na hajabeba mkungu wa ndizi tangu azaliwe, lakini maneno yaliingia kichwani hivyo na yakatoka hivyo. Ndeshi aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Hayo aliyasema yeye, akiwa amekaa jikoni anachambua maharage, na mtoto miguuni pake hajaanza hata shule.

Kwenye Boma la Mjerumani, Derick aliwapangusia ukuta kwa kiganja. "Babu wa babu yangu alibebeshwa mawe ya hapa kwa kiboko, akarudi nyumbani bega la kulia limeshuka. Mama yangu anasema ndiyo maana ukoo wetu mpaka leo tukitembea tunaegemea upande." Ndeshi alimkumbuka mumewe akivuka daraja ameegemea upande. Kwenye Mnara wa Mwenge ikawa: "Mama yangu alikuwa mtoto wa shule Azimio lilipotangazwa. Alitembea kutoka Akheri kuja kuliona. Alichokiona ni migongo ya watu wazima."

Mke wa mwalimu alimgeukia Ndeshi, machozi ya kicheko machoni. "Huyo mama yake ana vituko!"

"Ana mdomo," alijibu Ndeshi.

Sokoni, kwenye hekalu la Wahindu, kila mahali ni mama yangu anasema, mama yangu anasema. Yeye alidhani mwanawe alikwenda mjini kumkimbia. Kumbe alikuwa akizunguka naye kila siku ya Mungu, akimtambulisha kwa watu wa dunia nzima. Alitamani kucheka, alitamani kumchapa. Zaidi ya yote alitamani mwanawe awe amekaa pale, Jumapili moja tu, amwambie kwamba pale Bomani amekosea, lilikuwa bega la kushoto.

Kituo cha mwisho kilikuwa kilimani, mahali mji unapobaki chini na mlima unapojitokeza mzima. Meru ilikuwa imevua mawingu. Derick aliwaacha watazame, kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Na kule chini ya msitu, palipo na kijani kizito, ndiko kwetu. Hapo ndipo maelezo yanapoishia. Kuna swali?"

Ndeshi aliinua mkono, kama darasani.

"Hilo jani ni la nini?"

Derick alilitazama, akatabasamu. "Hiyo ni kinga, mama. Watu wa huku wanaiamini kwa ajali na kwa trafiki. Aliifunga kaka yangu Amini, aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu. Alikataza mtu kukaa hapo, na mimi siwezi kuvunja neno la marehemu."

"Alikuambia ni kinga?"

"Hapana, nilijiongeza mwenyewe." Alijikuna kisogo. "Alikuwa anafunga bichi kila Jumamosi. Jumapili analichukua anapanda nalo kwao, amelificha ndani ya koti. Jioni anarudi nalo, analifunga tena pale pale. Siku moja nikamuuliza, bro, mbona huliachi huko huko? Akaniambia, nikimpa, hataweza kukataa. Nataka apande siku ambayo angeweza kukataa." Derick aliinua mabega. "Mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini."

Ndeshi alikuwa akizihesabu zile Jumapili, zikamshinda. Koti la kanisani ambalo hakulivua hata jua likiwa kali. Na yeye akimwambia, vua koti bwana, unatoka jasho mezani kwangu! Ndani ya koti lile mwanawe alikuwa na neno moja ambalo lingemaliza kila kitu, na kila Jumapili aliuliza tu, mama, lini? Akajibiwa ndizi.

Alishuka. Mke wa mwalimu alidhani anajisikia vibaya, akamshika kiwiko, naye akamshukuru akauondoa mkono taratibu. Alizunguka mpaka mlango wa mbele, akaufungua.

"Mama, nimekuomba radhi, hapo..."

"Derick," alisema, "mimi ndiye huyo mama unayemsema tangu asubuhi."

Kijana alimtazama. Kisha akaruka kutoka kwenye usukani, akazunguka gari mbio, akasimama mbele yake na kuinamisha kichwa, kama alivyofundishwa na mkubwa wake pamoja na yale mengine yote.

"Shikamoo, mama," alisema mara ya pili siku hiyo, na sauti ilimkatika.

Ndeshi alimshika utosini. Mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Halafu alipanda, akakaa, akageuka kwenye kiti. Alilifungua jani kwa vidole vyake mwenyewe, polepole lisivunjike, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimelipokea, baba," alisema, kwa Kimeru, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujali wageni.

Mwalimu wa Tabora alivua kofia ingawa hakuambiwa ni kwa nini. Hakuna aliyeharakisha. Alipomaliza, Ndeshi alijifuta kwa kitenge, akalilaza jani mapajani, akafunga mkanda baada ya kuhangaika nao kidogo.

"Sasa turudi Mnara wa Saa," alisema. "Huko nyuma sikuona kitu."

Mwalimu alisema wao hawana haraka. Derick aliendesha taratibu, macho mekundu, mpaka mnarani. Akazima injini, akaweka mkono juu ya usukani, akageuka. "Wakubwa zangu," alianza, "wanasema hapa ndipo nusu ya njia. Lakini mama yangu..." Akakwama, akamtazama mwenye maneno ubavuni pake.

Ndeshi alikuwa amefumba macho, ameegemeza kichwa.

"Endelea," alisema. "Mama yako anasemaje?"