Geti Letu Ndani ya Gemu

Wiki nzima Gathogo alikuwa amemganda dada yake kama kupe. "Wachuka, si ucheze tu leveli yangu. Ni fupi, utaimaliza ukikunywa chai." Yeye na wenzake walipenda gemu moja ya zamani ya bunduki, wakaamua kuitungia leveli yao wenyewe. Lakini Wachuka ana agrovet mjini Nakuru, na mwenye kuuza dawa za ng'ombe hana nafasi hata ya kukohoa.

Mchana huo mvua ikafukuza wateja. Akaweka kikombe kando ya mizani, akafungua laptopu. Natalie, bintiye wa miaka minane, alikuwa amebaki nyumbani na homa, na cucu yake, yaani nyanya yake mzaa Wachuka, alikuwa njiani kuja kukaa naye.

Leveli ikafunguka, Wachuka akacheka. Lilikuwa geti la nyumbani kwao, Kiamunyi! Tangi la maji lile lile, hata ndala za Natalie mlangoni. Mazimwi yalijificha jikoni. Ili kuyafikia, mchezaji alipitisha mkono kwenye kitundu cha geti, akapapasa kushoto, akatoa funguo kwenye msumari nyuma ya nguzo.

Kicheko kikamkauka. Msumari huo ulikuwepo kweli. Funguo za geti na za mlango wa jikoni zilikuwa zimening'inia pale sasa hivi, zikimngoja cucu.

Akampigia Gathogo. "Hii kitu umeonyesha nani?"

"Iko kwa net, sis! Watu wameipenda vibaya. Mmoja akauliza kama hiyo nyumba ni ya ukweli, nikamwambia ni kwetu Kiamunyi, nyuma ya kanisa."

Mdomo huponza kichwa, lakini safari hii kichwa kilikuwa cha Natalie. Wachuka aliacha duka wazi, mvua ikimpiga, akarukia pikipiki. "Boss, Kiamunyi, haraka!" Njiani akampigia mama yake: bado yuko Njoro, mvua imemfungia. Kila mwanamume waliyempita barabarani, Wachuka alimwona kama mwizi.

Funguo zilikuwa msumarini. Akazichukua, akaingia, akafunga kufuli, akakimbia chumbani. Natalie alikuwa amelala, jasho puani. Wachuka akaketi sakafuni akalia kwa shukrani, kisha akamkumbatia mtoto, akasimama naye dirishani kutazama mvua.

Ndipo mkono ulipoingia kwenye kitundu cha geti. Ulikuwa wa mwanamume, na haukubahatisha. Ulikwenda moja kwa moja kushoto, nyuma ya nguzo, ukagusa msumari mtupu.

"Mami, ni cucu?"

Wachuka akamziba mdomo kwa kiganja. Mkono haukurudi nje. Kisha sauti ya kijana, ya upole kabisa, ikapenya mvuani.

"Niaje? Kwani funguo mlihamisha?"