Mlango wa Zawadi

Mama yangu Stamena alianguka bafuni kwetu hapa mjini Pirot kwa sababu ya pazia la kuogea. Aliteleza, akalishika, likang'oka na fimbo yake, nyonga ikavunjika. Hospitalini akaniambia, "Verica, sirudi kuoga kwako mpaka kuwe na kitu nikikishika hakining'okei." La sivyo atakwenda kwa kaka yangu huko Graz, nchi ya kigeni, akae na majirani ambao hajui hata kuwasalimu kwa lugha yao. Yeye hataki, na mimi sitaki.

Nikaamua kuweka mlango mahali pa pazia, nikapima. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilipima pa kuogea chini, katikati na juu, maana kuta za majengo yetu haya zimesimama kama walevi, nikashika kipimo kidogo kuliko vyote: sentimita themanini na nane. Mlango niliujua pia. Nilitaka wa kukunja, unaokunjikia ndani. Wa kufungukia nje ungegonga mashine ya kufulia, na wa kukunja ungemwachia mama nafasi ya kupita na fremu yake ya kutembelea.

Basi Miodrag akasikia. Huyu ndiye mpambe wa mume wangu Zvonko siku ya ndoa yetu, na kwetu mpambe si kifungo cha shati, useme utashona kingine. Akatangaza kwamba mlango ni zawadi yake. Dukani akaenda moja kwa moja kwenye vioo vya kutelezea, vyenye fremu nyeusi. Nikamwonyesha wa kukunja, akacheka, akasema huo ni wa kibanda cha kuku. Muuzaji akajaribu kumweleza kuwa mlango wa kutelezea hufunguka nusu tu. Miodrag akamuuliza kama ameoa, eti asiyeoa hajui zawadi ya mpambe. Nilichoambulia mimi ni chuma cha kushikia cha ukutani, nacho kikabaki kwenye buti ya gari lake.

Nikamvuta Zvonko pembeni. "Mwambie wewe."

"Nimwambie nini, Verica? Mtu anatoa zawadi."

  Zvonko na Miodrag wakaupachika mlango wenyewe, wakanywa na rakija yao, pombe kali ya matunda, vigae vyangu vipya vimejaa vumbi, huku mimi roshani nachoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi na kuzichuna ngozi kana kwamba kila moja ni Miodrag.

Mama akaletwa kutoka hospitalini Jumamosi. Miodrag naye akaja, kavaa shati jeupe, anangoja kupongezwa. Mama akausifu mlango, akasogea. Fremu yake ikagonga kioo. Akaigeuza upande, ikagonga tena. Akaiacha, akajaribu kupita kiubavu, mguu ukaanza kutetemeka, akarudi nyuma.

"Mwanangu, fungua na upande wa pili."

"Hakuna upande wa pili, Mama."

Akaketi juu ya kifuniko cha choo, taulo begani. "Basi mpigie kaka yako," akasema.

Hapo mambo ya mpambe na vifungo yakanitoka kichwani. "Miodrag, umetununulia mlango wa kupiga picha. Mama yangu ananiondokea kwa sababu yako. Ung'oe."

Zvonko akatazama soksi zake. Nilijua nimesema lisilosemwa kwa mpambe, na laiti Miodrag angenijibu ningeongeza.  Akatoka. Nikadhani ndiyo basi, undugu umekwisha. Akarudi kutoka garini na drili, bisibisi na kile chuma cha kushikia.

Kioo akakitoa, akakiegemeza ukumbini. Kisha akapiga goti mbele ya mama. "Mama Stamena, simama hapa, nyoosha mkono. Unapoona panakufaa, niambie." Akachora alama ya penseli chini ya kiganja chake.

Alipotoboa, kigae kimoja kilipasuka juu mpaka chini. Wote wakanitazama. Nikafuta vumbi tu.

Mama akakishika kile chuma kwa mikono miwili, akakiegemea kwa uzito wake wote. Hakikusogea.

"Fungeni dirisha, upepo unapita," akasema. "Na nyinyi wanaume tokeni, nioge."

Bila kioo wala pazia, maji yalifika mpaka ukumbini. Miodrag ndiye aliyeyakausha, kwa matambara na kwa shati lake jeupe.