Joto la Chini ya Kitanda

Watu walisema trela si mahali pa kumlea mzazi. Nikawaambia waje waone.

Nyumba ya dada yangu Flaviana, hapo Alief, Houston, iliingiliwa na maji ya kimbunga mwezi wa nane, na hadi Januari ya 2018 ilikuwa bado mifupa: kuta zimekatwa usawa wa kiuno, sakafu imeng'olewa, fundi anaahidi kuja kila Jumatatu. Mumewe, Melkiori, akapata trela la kupigia kambi, akaliegesha mbele ya gereji na kulivutia waya mnene wa umeme kutoka kwenye nyumba. Humo tukahamia. Wao wawili walichukua chumba cha nyuma, chenye kitanda na pazia. Mimi nikachukua kochi la mbele. Katikati, kwenye meza iliyogeuzwa kitanda kila usiku, alilala Mama Avelina, mamake Melkiori. Alitoka kijijini Kibosho kwa kazi moja tu: kumkanda mkwewe baada ya kujifungua, kumlisha mtori wa ndizi, na kuhakikisha hakuna upepo unaomgusa yeye wala mtoto. Mtoto, Abigail, alizaliwa mwaka mpya ukiwa bado mbichi.

Halafu Houston ikaganda.

Haikuwa baridi ya kuvaa sweta tu. Barabara ziling'aa kama vigae, madaraja yakafungwa, na hospitali anakofanya kazi Melkiori, kule Sugar Land, ikawaomba wauguzi waliokuwa zamuni wasiondoke. Kwa hiyo asubuhi ile mwanamume wa trela nilikuwa mimi, na sikuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Simu ya kwanza ilitoka Mesquite, mwendo wa saa nne kwa gari, kwa Theodora, dada mkubwa wa Melkiori. Flaviana akaiweka kwenye spika.

"Shemeji Method, mtoto yuko wapi?"

"Yuko kifuani kwa mamake, shemeji. Ulitaka awe wapi?"

"Aje kwangu. Hapa kwangu joto mpaka tunatembea na fulana. Rogers ana gari kubwa, ana-drive vizuri, anakuja kuwachukua leo leo."

"Rogers? Mume wako Rogers barafu anaijua kwenye glasi ya soda. Washa televisheni uone malori yalivyolala ubavu huko njiani, halafu uniambie unampakia mtoto mchanga kwenye barabara ile."

"Wewe mdomo wako!" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Sibishani na wewe. Mama ndiye ataamua. Nitapiga jioni. Akisema mtoto anapata baridi, Rogers anaondoka hapo hapo, usiku au mchana."

"Mwambie Rogers avue viatu apumzike," nikasema.

Mama Avelina alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Nitasema ninachokiona," alisema.

Basi nikaingia kazini. Namaanisha kazi ya kweli, maana trela ni sanduku lililoinuliwa juu ya magurudumu. Mtu anaziba madirisha na kudhani amemaliza, kumbe upepo unapita chini ya sakafu na kumnyonya joto kuanzia nyayo. Madirisha nilishayaziba alfajiri kwa karatasi za foili zilizobaki kwenye sherehe ya kumwombea Abigail. Sasa nikaingia kwenye nyumba iliyobomolewa, nikatoa mabamba yote ya foamu yaliyokuwa yanamsubiri fundi wa kuta, nikayakata kwa kisu na kuanza kuyasimamisha kuzunguka trela, kutoka ukingo wa chini hadi ardhini, huku nikiyabana kwa matofali na mkanda wa gundi.

Mama Avelina alichungulia mlangoni, kichwa chake kimefungwa kitenge juu ya kofia ya sufu.

"Unafanya nini, baba?"

"Nalivalisha trela sketi, Mama."

"Sketi fupi hiyo. Miguu inaonekana."

"Subiri nimalize, utaona itafika chini."

Akanipa kikombe cha chai, kisha akabaki amesimama. Nilijua kuna neno linakuja.

"Method, mzazi hulala juu ya joto. Sisi kwetu mlimani mwezi wa saba kuna baridi kuliko hii yenu. Unaweka makaa kwenye sufuria kuukuu, unaisogeza kitandani, mgongo wa mzazi unapata moto, mfupa unarudi mahali pake. Ile hita yenu inapuliza usoni tu. Gunia la mkaa wa nyama choma liko pale nje. Niletee kidogo."

"Hapana, Mama."

"Umesema?"

"Nyumba yako ya Kibosho inapumua. Moshi na hewa mbaya vinatokea juu, kwenye paa. Hili ni kopo, Mama, na mimi tangu alfajiri naliziba. Makaa humu yatawalaza na hawataamka."

"Nimelea wazazi tangu hujazaliwa," alisema, "na wote waliamka." Akafunga mlango.

Nilidhani hapana yangu imetosha. Nikaingia uvunguni mwa trela, mgongo kwenye saruji baridi, nikaanza kufungia blanketi kuukuu kwenye mabomba ya maji. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia king'ora juu ya kichwa changu. Si kile cha moshi, kile kingine, cha hewa ya sumu. Kikalia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha kikanyamaza.

Ukimya ule ndio ulioniogopesha. Katika nyumba zetu zote za huku, king'ora kikilia mtu anakaanga, na mtu akikaanga king'ora kinatolewa betri. Ni mazoea. Hakuna anayesoma kimeandikwa nini.

Nikatoka uvunguni kwa viwiko. Nikafungua mlango. Harufu ya makaa ilinipokea. Sufuria nyeusi ilikuwa sakafuni, imesukumwa karibu na kitanda cha dada yangu, makaa mekundu yamejaa mpaka ukingoni. Flaviana ameketi kitandani na mtoto, betri mkononi. Mama Avelina amepiga magoti, anasawazisha makaa kwa kijiko.

"Kilikuwa kinamwamsha mtoto," Flaviana alisema. "Mama alikuwa anapika, nikadhani…"

"Toka! Toka na mtoto, ingia kwenye gari, washa hita ya gari! Sasa hivi!"

"Funga mlango, upepo!" Mama Avelina alipiga kelele.

"Mama, nyamaza na utoke!"

Nilimwambia hivyo. Mama mzima, mkwe wa dada yangu, mgeni wa nyumba. Nikalishika shuka nene, nikaikamata sufuria nalo na kuitupa nje, makaa yakafuka moshi juu ya barafu. Nikauacha mlango wazi, nikafungua madirisha mawili na tundu la paa. Joto lote nililolijenga tangu alfajiri likatoka kama limeitwa. Nikairudisha betri kwenye king'ora. Kikalia tena, kikalia sana, na nikakaa nacho mlangoni mpaka kilipotulia chenyewe.

Nilipowarudisha ndani, Flaviana alisema kichwa kinamgonga. Abigail alilia kwa nguvu ya afya kabisa na kudai ziwa. Baada ya hewa safi na maji, kichwa cha Flaviana nacho kilitulia. Mama Avelina aliketi kwenye kiti chake, mikono imekunjwa, akitazama ukuta.

"Mama, nimekupigia kelele. Nisamehe kwa kelele," nikasema. "Kwa makaa siombi msamaha. Ukiyaleta tena nitayatupa tena."

"Theodora atapiga," alijibu. "Mtoto amekaa kwenye trela lililo wazi kama zizi. Nitasema ninachokiona."

Alikuwa na haki. Ndani kulikuwa kwa baridi, na hita ilikuwa inaanza safari upya. Akisema neno moja, Rogers angekuwa barabarani gizani, na dada yangu na mtoto wake wangerudi naye kwenye barabara ile ya barafu. Nikakaa nikifikiri, na sikufikiria jinsi ya kumshinda yule mama. Nilifikiria alichokitaka. Joto la chini. La mgongoni. Akilini mwake hilo ndilo joto, mengine ni upepo wa moto.

Basi nikampa hilo.

Kitanda cha nyuma kinakaa juu ya sanduku la mbao la kuwekea vitu. Ndani yake hupita bomba la hewa moto, lile la bati laini linalokunjika kama utumbo, linalotoka kwenye hita. Hapo linagawanyika: mkono mmoja unapuliza chumbani, na wa pili unaendelea hadi mbele, kwenye kochi langu. Nikatoa masanduku ya nguo na mabuti ya Melkiori. Nikakata mkanda wa ule mkono wa pili, nikauvuta kutoka njia yake, nikauelekeza juu, chini kabisa ya mahali mgongo wa Flaviana unapolala. Lile tundu la kochi langu nikaliziba kwa taulo. Kisha nikainua ubao mmoja wa kitanda ili hewa ipande vizuri kwenye godoro.

"Lete mkono wako, Mama."

Hakuja. Nikangoja. Mwishowe akainuka, kwa hatua za mtu anayekwenda kutoa ushahidi, akaingiza mkono chini ya godoro. Akauacha humo. Akausogeza kulia, akausogeza kushoto. Akamvuta Flaviana alale, akamweka mtoto tumboni pake, akawafunika vitenge viwili.

"Mgongo?" akauliza.

"Mama, naungua," Flaviana alisema, akafumba macho.

"Ndivyo inavyotakiwa."

Simu ya Mesquite ililia mwanga ukianza kufifia. Theodora hakusalimia hata.

"Mama, mtoto ana baridi au hana? Rogers ameshavaa koti."

Mama Avelina alishika miguu ya Abigail ndani ya blanketi, akaishikilia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akinitazama mimi.

"Huyu shemeji yako hana adabu," alisema. "Amenifukuza nje kwenye barafu kama mbuzi."

"Nini?"

"Umesikia. Melkiori akirudi nitamsimulia kila kitu, na huyu kijana ataitwa kikao. Lakini mtoto anatokwa jasho. Mwambie Rogers avue koti. Tusiwekane barabarani bure."

"Una hakika, Mama?"

"Nimesema ninachokiona. Sasa kata simu, maji yamechemka, nataka kumkanda mzazi." Akanigeukia na kunionyesha mlango kwa kijiko. "Na wewe, nje. Kaka mtu haangalii."

Nikavaa koti, nikatoka. Barafu ilikuwa imeshika nyasi za jirani, na pua yangu haikuwepo tena usoni. Nyuma ya ukuta wa bati nilisikia dada yangu akipiga kelele maji ni ya moto, ni ya moto mno, Mama jamani, na Mama Avelina akimwambia akae vizuri, bado mgongo haujamalizika.